Sosi ya Mama Octavian

Siku ya tisa ya kula bila chumvi Felician alisukuma sahani kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza kitu kilichoangukia mezani kwa bahati mbaya, akasema hali tena.

"Huli nini?" Natalia aliuliza.

"Hiki."

"Hiki ni ugali na nyama, Baba Octavian."

"Nyama naijua. Nimechoma nyama miaka kumi na minane hapa Katesh. Watu wanashuka kwenye mabasi ya Singida wananiulizia kwa jina. Hii siyo nyama, mke wangu. Hii ni nyama iliyofiwa."

Natalia alitaka kucheka, ila macho yake yalitua kwenye mkono wa mumewe. Saa ilikuwa imeshuka kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kiganja. Mtu aliyekuwa akibeba paja zima la ng'ombe begani sasa alikuwa anashikilia saa yake isidondoke.

Daktari Mwita wa kituo cha afya, kijana wa Tarime asiyejua kuzungusha maneno, alikuwa amesema moyo umechoka na presha iko juu. Aliandika nyuma ya kadi ya kliniki vitu vinne vya kuacha: chumvi ya mezani, soya sosi, viungo vya pakiti, nyama za makopo. Vitatu Felician alivipokea kimya. Kwenye soya sosi alikaa muda mrefu, kadi mkononi. Nyama yake ilikuwa soya sosi. Aliimimina juu ya mbavu zikiwa bado motoni, bila kupima, na ule moshi mweusi mtamu ndio uliowaita watu kutoka barabarani.

"Kama ni kuishi kwa kula majani kama mbuzi," alisema, "niacheni nife nimeshiba."

"Hufi," Natalia alisema. Alichukua ile sahani akaifunika. "Nipe siku chache."

"Za kufanya nini?"

"Sijui bado. Nipe tu."

*

Alianza na chupa tupu. Aliikuta chini ya meza ya kuchomea, akaifuta vumbi, akasoma karatasi yake polepole. Maji, soya, ngano, chumvi. Akasoma tena. Soya ni maharage. Kama Wachina wametoa kitu hiki kwenye maharage, basi maharage hayajawahi kupungua nyumbani kwake. Alikuwa na debe zima la yale madogo, mekundu yaliyokolea, kutoka shamba la ukweni Dongobesh.

Akayachemsha yakaiva, akachuja mchuzi kwa kitambaa cheupe, akaurudisha jikoni uchemke mpaka ubaki robo. Akaunguza sukari kwenye kikaango ikawa nyeusi, akaimiminia humo ikalia kama paka. Akatia tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, na ukwaju alionunua kwa mama mmoja wa Singida sokoni.

Ya kwanza ilinuka dawa ya kikohozi. Ya pili ilikuwa tamu, nzi wakaifurahia kuliko watu. Ya tatu ilishika chini, akaichimba kwenye sufuria kwa mwiko. Ya nne aliongeza uyoga mkavu aliosaga kwenye kinu, akapunguza sukari, akaacha mchuzi ukauke zaidi. Ilitoka nzito na nyeusi, yenye kung'aa. Akaipaka kwenye vipande vya steki, akavirudisha kwenye mkaa, akampelekea mumewe.

Felician alitafuna. Akaacha kutafuna. Akamwangalia.

"Umeweka chumvi."

"Sijaweka hata punje."

"Apa."

"Mungu mmoja."

"Natalia, mimi ni mchoma nyama. Ulimi wangu haudanganyiki."

"Basi leo umedanganyika. Chumvi yote iko juu ya kabati, pakiti haijafunguliwa. Nenda kaangalie."

Alienda kweli, akashika ukuta njiani. Pakiti ilikuwa imefungwa vilevile ilivyotoka dukani. Alirudi akakaa, akamaliza vipande vyote, akafuta sahani kwa tonge la mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake heshima kazini, "Hii ni sosi."

Kuanzia hapo alikula. Baada ya wiki mbili alikuwa anatoka kukaa kwenye kibanda chake asubuhi, ameegemea nguzo, akimkaripia kijana aliyemwachia kazi: "Geuza! Unaibabua hiyo, huichomi!" Natalia aliyasikia makaripio hayo kutoka ndani, akaona yamempa raha kuliko kwaya.

*

Ndipo ikaja komunyo ya kwanza ya mjukuu wa Scola, dada mkubwa wa Felician, kule Dongobesh. Mbuzi wawili walichinjwa na turubai likafungwa uani. Natalia alikuja na vyombo viwili ndani ya kikapu: bakuli la nyama isiyo na kitu, na chupa ya sosi yake. Alingoja watu wote wapakuliwe. Kisha akamwekea mumewe, akafungua chupa, akamimina.

Scola alikuwa anapita na ndoo ya pilau. Akasimama.

"Wifi, kumbe kwangu chakula hakitoshi?"

"Kinatosha, dada. Huyu ana masharti ya daktari."

"Daktari ndiye anayetengeneza hicho cheusi?"

"Nimetengeneza mwenyewe."

"Wewe mwenyewe." Scola aliitazama chupa, kisha akawageukia akina mama waliokaa kwenye mkeka. "Jamani, mmesikia. Mume anakula kwenye chupa ya mkewe tu. Akikosa hiyo chupa hali."

"Limbwata la kimiminika!" alidakia mmoja, na mkeka wote ukaangua kicheko.

"Mama Octavian, na sisi tupimie kidogo," akasema mwingine. "Wa kwangu hata nyumbani halali."

Natalia alicheka pamoja nao, maana kutocheka kungekuwa kukubali. Lakini mkono ulioshika kifuniko ulikuwa unatafuta mdomo wa chupa bila kuuona. Felician alishusha kijiko. "Dada," alisema, "wewe ulikuja kuniona nikiwa mifupa. Huyu amenirudishia nyama mwilini. Kama hilo ni limbwata, aongeze." Akaendelea kula, na kelele zikahamia kwingine. Ila Scola hakuhama. Kila Natalia alipoinua macho aliyakuta ya wifi yake yametulia juu ya chupa.

*

Wiki tano tangu aanze kula ile sosi, Felician alishindwa kuvaa viatu. Alidhani vimelowa vikajikunja. Natalia alipiga magoti akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale, halikurudi. Jioni ile alikuwa anapumua kwa kukaa, hawezi kulala. Asubuhi wakamlaza kituoni.

Daktari Mwita alimpima, akasoma namba, akazisoma tena.

"Mama, anakula chumvi huyu."

"Hali, daktari."

"Mama, mimi ni mtu wa Tarime, sizunguki. Maji yamejaa miguuni, yanapanda kwenye mapafu. Chumvi inatoka mahali."

"Labda vidonge vyake ndivyo havifanyi kazi?"

"Vidonge vinafanya kazi. Kuna kitu kinapigana navyo."

Kufika saa sita Scola alikuwa ameshafika kutoka Dongobesh, pamoja na Akonaay, kaka yao mkubwa, mzee mrefu mwenye koti zito la kijani ambalo hakulivua hata ndani. Natalia aliwaamkia wote wawili. Scola aliitikia marahaba akiwa anaangalia mguu wa mgonjwa.

"Mmeona sasa," alisema. "Mmeona. Mimi nilicheka na watu siku ile, lakini moyo wangu haukucheka. Mtu anakulaje kitu kisicho na jina?"

"Kina jina, dada. Ni sosi."

"Ya nani? Inauzwa duka gani?"

Akonaay aliinua kiganja, wote wakanyamaza. Alizungumza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuchagua neno baada ya neno. "Mama Octavian, hapa hakuna mtu anayesema wewe ni mbaya. Lakini ndugu yetu amevimba akiwa kwenye jiko lako. Akitoka hapa, tutamchukua Dongobesh. Scola atampikia. Chakula cha nyumbani, kile alichokulia. Makande, mboga, maziwa. Akipata nguvu, atarudi."

"Na asipopata?"

"Atakuwa kwao."

Hapo Natalia alielewa kwamba wamemaliza kuongea, kwamba shauri hili lilikwisha njiani kabla hawajafika. Alimtazama Felician. Alikuwa amefumba macho, kifua kikipanda kwa kazi, na hakusema aongeze wala apunguze.

Natalia alitoka akamkuta Mwita kwenye veranda anaandika.

"Daktari, naomba kesho nipike hapa. Ile sosi, mwanzo mpaka mwisho, mbele yako."

"Hii ni kliniki, mama, siyo mgahawa."

"Jiko la wenye wagonjwa liko hapo nyuma. Nitakuja na kuni zangu. Wewe pita tu uangalie. Kama kuna kitu kibaya humo ndani, nataka ukitaje wewe, kisitajwe na mkeka wa Dongobesh."

Mwita aliinua uso. "Huogopi kikionekana?"

"Naogopa kisipoonekana."

*

Kesho yake alifika na kikapu kabla ukungu haujatoka mlimani. Scola naye alifika, akavuta kigogo, akakaa hatua tatu kutoka jikoni, mikono imefumbatwa ndani ya shuka. Wanawake wengine waliokuwa wanapikia wagonjwa wao walisogeza sufuria zao pembeni, wakajifanya wanakoroga.

"Anza," Scola alisema. "Mimi macho yangu yako hapa."

Natalia alitandaza khanga, akapanga kila kitu juu yake: maharage yaliyochambuliwa, sukari, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, ukwaju, uyoga. Mwita alikuja na kijitabu, akanusa kimoja kimoja, akauliza kimetoka wapi. Hakuna kilichokuwa na kasoro. Uyoga aliutazama kwa muda, akauliza nani aliuchuma. Natalia akamtajia muuzaji, na Scola akaongeza kwamba huyo hata yeye hununua kwake.

Maharage yakaingia. Maji yakaanza kuchemka, povu likapanda, Natalia akalipuliza, akaengua, akaongeza ukuni, akafunika.

"Hapo umeweka nini?" Mwita aliuliza.

"Wapi?"

"Hapo. Sasa hivi, kabla hujafunika."

"Sijaweka kitu. Nimeengua povu."

"Umeweka kitu, mama. Mkono umetoka kiunoni, ukaenda kwenye sufuria."

"Hajaweka kitu," Scola alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeudhika kwa haki. "Daktari, mimi nimekuja hapa kumkamata huyu mwanamke, na sijapepesa. Hajaweka kitu chochote. Ni maharage na maji."

Mwita aliwatazama wote wawili. Kisha akanyoosha kidole kwenye pindo la khanga kiunoni mwa Natalia, penye kifundo kidogo kilichofungwa kwa uzi.

"Na hicho?"

Natalia alikishika kama mtu anayeonyeshwa kwamba ana pua. "Hiki? Magadi tu."

"Ni magadi," Scola alirudia, bado hajaelewa anaulizwa nini. "Ya Ziwa Balangida."

Wale wanawake wengine wakaacha kukoroga. Mwita alifungua kifundo, akatoa punje kijivujivu, akaweka moja ulimini, akatema pembeni. Akampa Natalia nyingine.

"Onja."

Natalia alikuwa na miaka arobaini na saba, na tangu utoto hajawahi kupika maharage bila magadi, lakini hakuwahi kuyaweka ulimini peke yake. Nani huonja kuni? Nani huonja maji ya kuoshea? Uchungu ulitangulia, ukakwaruza. Nyuma yake likaja lile jingine. Akalitambua. Ndilo lililomfanya Felician aache kutafuna siku ile na kumwambia aape.

"Kile kilichomo kwenye chumvi kinachovuta maji miguuni," Mwita alisema taratibu, "kimo humu pia. Na wewe ulichemsha mchuzi mpaka ukabaki robo. Maji yakaondoka. Magadi hayakuondoka."

Natalia alikaa chini pale pale, kwenye majivu.

Scola alikuwa amesimama. Mtu angetegemea aseme neno lake lililongoja tangu Dongobesh, na mdomo wake kweli ulifunguka. Lakini Mwita alimgeukia yeye.

"Na wewe, mama. Mngemchukua. Ungempikia nini?"

"Chakula cha kawaida. Makande."

"Ungetia magadi?"

"Sasa maharage yataivaje bila..." Akakatiza. Akaona nyuso za wale wanawake wengine, kila mmoja amesimama karibu na sufuria yake kama aliyeshikwa nayo. Mmoja alikuwa ameanza kumwaga ya kwake kimyakimya kwenye mtaro.

"Mimi nilikuandikieni vitu vinne," Mwita alisema. Alivuta kadi ya Felician kutoka kwenye kijitabu, akaandika cha tano akiwa amesimama. "Hiki sikuuliza. Na mama yangu hutia kwenye mlenda mpaka leo. Makosa haya tumegawana."

*

Njiani kuelekea wodini Scola alimshika Natalia mkono. "Wifi, sikiliza. Tuseme tu tumebadilisha mapishi. Kaka Akonaay yuko pale. Hakuna haja."

"Ipo."

"Wataikumbuka maisha yako yote."

"Basi waikumbuke vizuri."

Felician alikuwa amekaa, mito mitatu mgongoni. Akonaay alikuwa pembeni yake na koti lake. Natalia alisimama miguuni mwa kitanda, mahali ambapo hangeweza kuacha kuona ile miguu.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Niliyekuvimbisha. Ni magadi. Nilikuwa natia kwenye maharage, na magadi ni ndugu wa chumvi. Niliapa kwa Mungu kwamba sijaweka, na nilikuwa naweka kila siku. Sikujua. Lakini ni mkono wangu."

Felician aliitazama miguu yake, kisha akamtazama yeye. Mgonjwa wa kitanda cha pili alizima redio ili asikie vizuri.

"Nilikwambia ulimi wangu haudanganyiki," alisema mwishowe.

"Ulisema."

"Ukanipeleka kabatini kama mtoto."

"Nilikupeleka."

"Na sasa unataka niendelee kula mkono huo huo?"

Akonaay alikohoa kidogo. Hilo ndilo swali lililomleta. Natalia alihisi machozi yamefika mahali pa kutokea, akayaacha yangoje.

"Nataka," alisema. "Mkono huu umeshakosea, na umeona mahali ulipokosea. Nitajieni mwingine katika ukoo huu unaojua hivyo, niukabidhi jiko leo."

Akonaay alimgeukia Scola, maana ndiye aliyekuwa amekuja kuchukua jiko. Scola alikuwa anafunga na kufungua fundo la shuka lake.

"Mimi nimejua leo," alisema. "Bila yeye ningejulia makaburini. Mwacheni apike."

*

Sosi ya tano ilichukua siku nzima. Maharage yaliloweshwa tangu jana yake na bado yaligoma mpaka alasiri, yakala kuni kama arusi. Mchuzi ulitoka rangi ya chai ya mkopo, mwembamba, hauna weusi hata kidogo; kumbe weusi ule nao ulikuwa wa magadi. Felician, aliyekuwa ameruhusiwa siku mbili kabla, alivuta kiti mpaka jikoni, kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu waoane.

"Choma vitunguu kwenye mkaa na maganda yake. Viungue kabisa."

"Vitakuwa vichungu."

"Nani mchoma nyama hapa? Viungue. Na hiyo sukari usiiondoe bado. Ngoja moshi ukuchome macho, halafu uvute pumzi tatu."

"Mbili zinatosha."

"Tatu."

Alivuta tatu, akakohoa, akamimina. Wakaongeza vile vitunguu vilivyosagwa, ukwaju kuliko mwanzo, pilipili manga kuliko mwanzo. Rangi ikakubali kukolea. Felician alichovya kipande cha nyama, akatafuna, akaangalia juu kwenye bati kama anayesikiliza mvua.

"Haijafika," alisema.

"Najua. Haitafika."

"Ila iko mlangoni." Akachovya tena. "Inapiga hodi."

Aliishi miaka miwili na miezi saba baada ya siku hiyo. Mguu ulipungua akavaa viatu vyake, akamaliza masika mawili akiwa kibandani, akamwona Octavian anamaliza shule. Chupa ilikaa mezani, na wenye presha walioisikia walikuja na chupa zao tupu. Natalia hakuwauzia, aliwakalisha jikoni wakapika wenyewe, naye akiwaangalia mikono.

Moyo ulisimama asubuhi moja ya Juni, akiwa amekaa juani, baada ya kunywa chai. Walimzika Dongobesh. Pale uani, baada ya udongo, watu walianza yale maswali yanayoulizwa kwa sauti ya chini: alikuwa anakula nini, nani alimpikia. Scola aliyasikia. Alisimama katikati ya mkeka wa akina mama, bila kuombwa, akataja kila kilichokuwa kinaingia kwenye ile sufuria. Alipofika kwenye magadi hakuruka.

"Hapo mkono wake ulikosea," alisema, "na wangu ungekosea vilevile, na wenu wote. Ila yeye alikuja akasema mbele ya mume wake. Nani mwingine ana swali?"

Hakukuwa na mwingine. Scola akakaa karibu na wifi yake, akampa nusu ya shuka, na mtu akaleta chakula.